Maji ya Dodoma, mafuriko ya Kilosa

Jumapili, Januari

Wingu likitanda upande wa Mpwapwa, shangazi yangu wa Kilosa lazima apige simu. Leo hakungoja hata salamu yangu iishe. "Marahaba mwanangu. Huko imenyesha?" Nikamwambia imenyesha tangu alfajiri na bado. "Basi mahindi nayapandisha kichanjani kabla giza halijaingia."

Ukitaja mafuriko, wengi huwaza Rufiji, Dar es Salaam, au kile kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichosimamisha boti za Zanzibar. Sisi wa Dodoma tunajihesabu watu wa ukame. Mvua yetu ni haba kweli, lakini hushuka kwa mkupuo, juu ya ardhi iliyogandamana na vilima vilivyokatwa miti. Maji hayazami, yanakimbia. Mto Kinyasungwe unayapokea, unapita Gulwe na Godegode, unaitwa Mkondoa ukifika Kilosa, kisha Wami, hadi baharini upande wa Saadani. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliwaacha watu wa Kilosa kwenye mahema, shangazi akiwamo. Reli ya Kati ilisombwa, treni zikasimama kwa miezi.

Korongo la mtaani kwetu asubuhi ni mchanga mtupu, mbuzi wanajivukia. Mvua inyeshe milimani, hapa jua likiwaka, utasikia mngurumo tu, halafu povu la kahawia linatokea kwenye kona limebeba matawi, ndala na chupa za plastiki. Yakifika magotini yanamwangusha mtu mzima. Watoto wetu tumewaambia: ukisikia mngurumo, panda ukingoni, kiatu kikibaki kiache.

Wazee bado wanauzungumzia mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, na jinsi mifugo ilivyoondolewa Kondoa mwaka 1979 ili ardhi ipone. Wafugaji waliumia sana, ila majani yalirudi. Sidai ukali wa namna hiyo. Ninachotaka ni malori yaache kuchota mchanga chini ya kingo, maana kila mvua ukingo unamomonyoka, nyumba zinasogelewa, na tope lote linaenda kuwajazia mto wenzetu wa chini.

Nimelisema kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti ameahidi kulifikisha kwa mtendaji wa kata. Jumamosi tunazibua kalvati, kila kaya itoe mtu na jembe. Nitamuuliza hapo hapo amefikia wapi.