Ninavyomhesabu mjusi-islamu wa majani makavu katika Msitu wa Karura, Nairobi

Mjusi-islamu mdogo wa jenasi ya Panaspis, urefu wake mara nyingi hata sentimita 12 haufiki na sehemu kubwa ni mkia, huishi chini ya majani makavu na huyapenya kama samaki majini. Mara nyingi utasikia mchakacho tu. Kabla ya yote, kumshika kunahitaji kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), na utafiti leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia). Ukitaka picha tu, usimguse.

Nairobi iko juu, kama mita 1,700, kwa hiyo asubuhi sakafu ya msitu ni baridi. Siingii kabla ya saa nne, jua likishapenya matawini. Wakati mzuri ni baada ya mvua za masika, majani yakiwa na unyevu bila kulowa chepechepe. Julai sijisumbui.

Nikiwa peke yangu napima mraba wa mita 2 kwa 2: vigingi vinne na kamba ya katani. Nikishaufunga nasimama kimya dakika tano, maana nyayo zangu zimeshawatisha. Kisha nafunua majani kwa kijiti, kuanzia pembeni kote kuelekea katikati. Ukianza katikati wote watatorokea nje, nawe utaandika sifuri. Usichakure kama kuku. Geuza tabaka moja moja. Gogo nalivuta kuelekea kwangu, ili nyoka akiwepo atokee upande wa pili. Mkono mtupu haufai kabisa, hasa penye nge. Siafu wakipita, mraba huo umekwisha.

Akionekana namfunika kwa kikombe cha plastiki angavu na kuweka rula kando. Kumtambua kuna mtego: wadogo wa Trachylepis striata, yule wa kwenye kuta za nyumba zetu, wanamfanana. Tazama jicho. Panaspis hapepesi, kope zake zimeungana kuwa kioo kama cha nyoka. Trachylepis hufumba na kufumbua. Magamba ya Panaspis ni laini, ya mwenzake yana matuta. Kwa hiyo picha ya ubavu wa kichwa ndiyo muhimu. Ya mgongoni peke yake, iwe nzuri vipi, haimalizi ubishi.

Mkia usiguswe. Hukatika, na ndani yake mna akiba ya mafuta, basi umemnyang'anya chakula. Ulioota upya hutofautiana rangi na magamba. Nauandika katika safu yake daftarini. Mwenye dawa ya mbu mikononi asimshike, na kiganja chenyewe kina joto la kumchosha haraka.

Nikimaliza narudisha gogo kwanza, upande uleule uliokuwa chini, ndipo namwachilia kando yake ajiingilie mwenyewe. Ukimweka shimoni kisha ukalishusha gogo, utamponda.