Mto Little Blue na korongo la magurudumu

Huko hakufiki basi. Ukitaka kuuona mto Little Blue, kusini mwa jimbo la Nebraska, Marekani, sharti ukodi gari, na gari la siku mbili lilinila pesa kuliko chumba na chakula kwa pamoja. Mto wenyewe ni mdogo, maji ya tope. Unaanzia karibu na Minden, unateremka kusini-mashariki mpaka jimbo la Kansas na kuingia mto Big Blue.

Kilichonishika ni Rock Creek, kijito chake karibu na mji wa Fairbury, palipopita njia ya wahamiaji wa karne ya 19. Nilitarajia mistari miwili ya magurudumu. Nikakuta mitaro mipana iliyoota nyasi, ikikutana na kuwa korongo pale kilima kinaposhukia kijitoni. Uwandani magari ya maksai ya wahamiaji hao, waliokuwa wakielekea Oregon na California, yalitawanyika kukwepa vumbi, lakini mtelemkoni yalibanana. Kabla ya kushuka, gurudumu la nyuma lilifungwa mnyororo lisizunguke. Gurudumu la namna hiyo huburuzika, chuma chake kinalima udongo, mvua inamalizia. Kupanda ng'ambo, maksai waliongezwa nirani.

Mwaka 1859 David McCanles alinunua kituo cha wasafiri hapo, akajenga daraja na kutoza kila gari senti 10 hadi 50. Wageni wengi huja kwa sababu ya Wild Bill Hickok, mpiga bastola mashuhuri, na kuuawa kwa McCanles Julai 1861. Kwangu daraja lina uzito zaidi.

Njia iliufuata mto huu kwa sababu ya maji, majani na kuni, na pia kwa ajili ya magurudumu. Hewa kavu hunyausha mbao, pete ya chuma inayozunguka gurudumu ikalegea. Jioni magurudumu yalilowekwa mtoni yavimbe. Aliyechelewa alipigilia kabari kati ya mbao na chuma. Mbele, kabla ya mto Platte, kulikuwa na uwanda mkavu usio na pa kuloweka.

Lakini maksai wale walimaliza malisho, na mashoka yakamaliza miti ya bondeni, mali ya watu waliokuwapo kabla. Agosti 1864 Wacheyenne, mmoja wa makabila ya wenyeji hao, na washirika wao walishambulia vituo na mashamba bonde zima.

Kwetu Shinyanga njia ya mkokoteni kwenda kisimani huanza hivi hivi. Mvua zikinyesha inakuwa mfereji, wenye maksai wanahamia pembeni, na mfereji wa pili unaanza.