Boriti ya zege kwenye kompyuta: vipande vidogo, jibu lilelile

Hatimaye boriti yangu inavunjika kwa namna moja, niigawe vipande vikubwa au vidogo. Nimefurahi sana, maana hapa ndipo mradi wote ulikuwa umekwama.

Kwa anayejiunga sasa: ni boriti ya milimita 500 kwa 100 kwa 100 niliyoiunda kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ina mkato katikati upande wa chini, imelazwa juu ya mihimili miwili na kusukumwa kutoka juu. Uwezo wa zege kuhimili kuvutwa nimeuweka MPa 3 (megapaskali, yaani newton 3 kwa kila milimita mraba). Zege likikandamizwa hustahimili takriban mara kumi zaidi, ndiyo sababu ufa huanzia chini.

Kazi ngumu iko baada ya kilele cha mzigo. Zege likianza kulegea, kuvutika kote hukimbilia safu moja ya vipande. Kwenye skrini hubaki mstari mwekundu juu ya mkato, na vipande vya pembeni hurudi buluu kwa kuwa vimepumzika. Ukipunguza vipande kutoka milimita 10 hadi 5, kisha 2.5, mstari huo hukonda na nishati ya kuvunja boriti hupungua nao. Endelea hivyo na kompyuta itadai zege huvunjika bure!

Dawa ilitolewa na watafiti Bažant na Oh mwaka 1983: kisichobadilika kiwe nishati ya kupasua eneo fulani. Nimeweka joule 100 kwa mita mraba. Kipande kikiwa chembamba, huruhusiwa kuvutika zaidi kabla ya kuachia, na michoro yangu mitatu, mmoja kwa kila ukubwa wa kipande, sasa imelaliana. Kwa vipimo hivi kingo za ufa huachana kabisa zikitengana milimita 0.067 hivi. Kabla ya hapo bado zinashikana, na mimi naona huo ndio uhondo wa zege.

Kisichoniridhisha ni kwamba ufa wangu umenyooka mno. Kwenye mjengo mmoja huku Mamboleo, Kisumu, fundi alinipa kipande kilichovunjika nikigeuzegeuze: ufa umezunguka kokoto moja baada ya nyingine, na pale kokoto zilipong'oka pamebaki vishimo laini.

"Kokoto yenyewe haijaguswa," akasema. "Ni simiti imeachia."

Basi hatua inayofuata ni kutawanya kokoto ndani ya boriti, kila moja na ngozi dhaifu kuizunguka. Nitaanza na umbo bapa kwanza, la urefu na kimo tu bila unene, laptopu isilemewe.