Mwezi Ambao Vidonda Viliongezeka

Wakati huo nilikuwa nikitunza takwimu katika nyumba ya wazee wasiojiweza, yenye ghorofa mbili. Mafunzo ya kuzuia vidonda vya kulalia yalianza na wahudumu wa ghorofa ya chini, kwa sababu hatukuweza kuwatoa wote kwenye zamu kwa pamoja. Walifundishwa kukagua visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo kila wanapomwogesha mzee, kumgeuza kwa ratiba, na kupima hatari kwa kipimo cha Braden, kile cha mwaka 1987 chenye vipengele sita, ambacho alama zikishuka ndivyo hatari inavyopanda. Mwishoni walijaza fomu za maoni. Karibu wote waliandika kwamba wamefurahi. Nani asingefurahi? Siku nzima umekaa kitini na hujamnyanyua mtu.

Ripoti ya mwezi uliofuata ilionyesha vidonda vimeongezeka ghorofa ya chini. Si kidogo.

Mkurugenzi akaniita. Aliweka ankara ya mkufunzi juu ya ripoti yangu. "Nimelipa watu wafundishwe kuzuia vidonda. Hebu niambie, nimenunua nini?"

Swali lilikuwa la haki. Nilimtajia Donald Kirkpatrick, Mmarekani ambaye mwaka 1959 alianza kuandika kwamba mafunzo hupimwa kwa hatua nne: watu walivyoyapokea, walichojifunza, wanavyofanya kazini, na matokeo yake. Sisi tulikuwa na droo iliyojaa hatua ya kwanza na tarakimu moja ya hatua ya nne. Katikati hapakuwa na kitu, na ndiko jibu lilikokuwa. Akanipa muda wa kulitafuta.

Nikarudi kwenye madaftari ya zamu na kuvitenga vidonda kwa daraja. Daraja la kwanza ngozi haijachanika. Eneo limebadilika rangi na ukilibonyeza halipauki. Kabla ya mafunzo, daraja hilo halikuwemo kabisa. Kwa mujibu wa daftari, kila kidonda kilizaliwa kikiwa wazi, jambo lisilowezekana. Baada ya mafunzo, kilichopanda kilikuwa daraja la kwanza tu. Vidonda vilivyo wazi vilikuwa vimepungua.

Nilimwomba mhudumu mmoja wa siku nyingi, mama wa zamu ya usiku, aje amweleze mkurugenzi mwenyewe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Bosi, zamani tulikuwa tunaandika tukiona damu. Sasa tunaandika tukihisi joto." Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, mkono huligundua joto au ugumu kabla jicho halijaona chochote.

Mkurugenzi alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo ningemheshimu kwalo hata kama angekosea mengine yote: "Na magodoro mapya je? Si yaliingia mwezi huohuo?"

Kweli yaliingia, tena ghorofa zote mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu. Juu walikuwa na magodoro yaleyale bila mafunzo, na daftari lao halikubadilika: daraja la kwanza hakuna, vilivyo wazi vilevile. Sikuapa kwamba hilo ni ushahidi kamili, maana wazee walikuwa wachache na wengine walihama.

Bado alitaka hesabu ya pesa, yaani kila shilingi iliyotumika imerudisha nini: faida, toa gharama, gawanya kwa gharama. Upande wa gharama nikaongeza malipo ya waliowashikia wenzao zamu, ambayo watu wengi husahau. Upande wa faida nikaweka bandeji, muda wa muuguzi na safari za hospitali. Yeye akataka tuongeze sifa ya nyumba. Nikakataa. Fungu hilo ukiliingiza unaweza kupata jibu lolote unalolitaka, na maumivu ya mzee nayo hayana bei niliyoweza kuiandika. Tulibishana hadi mchana, mstari ule ukabaki wazi.

Akakubali wahudumu wa juu wafundishwe, kwa sharti kwamba kabla ya darasa wenzao wa chini wapande wakague ngozi za wazee wote, ili hesabu ianze na ukweli. Mimi nikaongeza sharti langu: mkufunzi arudi baada ya miezi mitatu, usiku, bila taarifa, aone kama watu wanageuzwa. Mkufunzi akasema hilo halimo kwenye mkataba. Mkurugenzi akachukua kalamu akaliandika.