Namba ya tatu: siku moja na Python 3.12.11

Natunza seva za kampuni ndogo ya programu hapa Dar es Salaam. Wateja wetu wengi ni maduka ya dawa. Kila usiku kila tawi linafunga mauzo ya siku, hesabu ya stoo na picha za risiti ndani ya faili moja la tar, linatutumia, seva inalifungua na kujumlisha, na asubuhi mwenye duka anakuta ripoti kwenye simu yake. Kazi yote hiyo inafanywa na Python, lugha ya programu. Mtu wa kawaida akisikia Python anauliza kama ni 2 au 3. Aliyezoea kidogo anauliza kama ni 3.11 au 3.12. Mimi mshahara wangu uko kwenye namba ya tatu, kama ile 11 ya 3.12.11.

Hii ilikuwa Jumanne, Juni 17, 2025.

Saa 12:40 asubuhi

Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama. Mkono mmoja umeshika bomba la juu, mwingine simu, nasoma tena orodha ya mabadiliko ya 3.12.11. Lilitoka Juni 3, siku moja na 3.13.4, 3.11.13, 3.10.18 na 3.9.23. Matoleo matano kwa mpigo maana yake ni moja tu: kuna mwanya wa usalama unaozibwa kila mahali kwa pamoja, hata kwenye matoleo ambayo wenyewe hawayarekebishi tena kwa jambo lingine lolote.

Saa 2:00 asubuhi

Chai, chapati, laptopu. Kabla sijagusa seva naandika kwenye daftari la kazi kwa nini tunabadilisha. Sababu ikikosekana, hatubadilishi.

Safari hii sababu inaitwa tarfile, moduli ya Python inayofungua mafaili ya tar, na hadithi yake ina umri. Mwaka 2007 iliripotiwa kwamba faili la tar likibeba jina kama ../../etc/passwd, Python italiandika huko huko linakotaka kwenda, nje kabisa ya folda uliyoichagua. Tatizo likapewa namba kwenye orodha ya CVE, ile ya mianya ya usalama inayojulikana: CVE-2007-4559, nyaraka zikaongezewa onyo kwamba usifungue faili la mtu usiyemwamini, mambo yakaishia hapo kwa miaka mingi. Ndipo mwaka 2023 kikaja kichujio. Unaongeza filter="data" na tarfile inakataa jina lolote linalotoroka folda. Sisi tunakitumia kila mahali.

Sasa imebainika kwamba kichujio chenyewe kinadanganyika. Kati ya mianya iliyozibwa Juni 3, mzito kuliko yote ni CVE-2025-4517. Ili kichujio kijue faili litaangukia wapi, kinaiuliza os.path.realpath: njia hii ya faili, ukifuata viungo vyake vyote (majina yanayoelekeza tu mahali pengine), inaishia wapi? Kwenye Linux njia moja ina kikomo cha baiti 4096. Mshambuliaji anapanga folda zenye majina marefu na viungo vinavyopitia humo, mpaka njia ikikunjuliwa inavuka kikomo hicho. realpath ikifika hapo inakwama, lakini haisemi. Inarudisha kipande kilichobaki kama ilivyokipokea, viungo vikiwa havijafuatwa. Kichujio kinaona njia iko ndani ya folda, kinaruhusu. Linux yenyewe wakati wa kuandika haikunjui njia nzima kwa mara moja, inafuata kiungo kimoja baada ya kingine, na faili linatua nje. Marekebisho ni kwamba realpath inayotumiwa na kichujio sasa inapiga kelele ikikwama kwa sababu yoyote isipokuwa faili kutokuwepo.

Kwetu hili si la kinadharia. Kompyuta za matawi zinatumiwa na kila aliye zamu, flashi zinaingia na kutoka. Kompyuta moja tu ikivamiwa, mvamizi anaweza kututumia tar ya namna hiyo badala ya mauzo. Ndiyo maana tangu Juni 3 jioni tuliweka kizuizi cha haraka: faili likiwa na kiungo chochote ndani, linakataliwa zima. Kizuizi hicho kilitupa nafasi ya kupima toleo jipya bila kukimbizana.

Kulikuwa na rekebisho jingine, la kumbukumbu inayotumika baada ya kuachiliwa pale unapofasiri maandishi kwa unicode_escape na kuiambia ipuuze makosa. Nikatafuta neno hilo kwenye msimbo wetu wote. Halimo. Nikalipiga mstari.

Saa 3:30 asubuhi

Bosi amesimama mlangoni na simu mkononi.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Dada, hawa wakaguzi wa mteja wanasema seva yetu ina Python ya mwaka 2023. Ni kweli?"

Kweli na si kweli. Programu yao ya kukagua imeingia kwenye seva, imeona 3.11.2, imekuta kwenye jedwali lake kwamba 3.11.2 ni ya Februari 2023, ikapaka rangi nyekundu. Seva hiyo inaendesha Debian 12, aina mojawapo ya Linux. Debian ikishatoa toleo lake haipandishi namba za programu zilizomo. Inachukua rekebisho la usalama peke yake, inalishona kwenye msimbo wa zamani, na jina linabaki lile lile. Ukweli uko kwenye mkia: 3.11.2-6+deb12u, kisha tarakimu inayopanda kila wanaposhona. Mkaguzi amesoma kichwa, hakufika mkiani.

Nikaandika apt changelog python3.11, nikanakili orodha ya namba za CVE zilizokwisha kushonwa, nikailinganisha na orodha yao. Karibu zote zilikuwemo. Zilizobaki nikaandika kando ya kila moja kama inatuhusu au la, kwa sababu Python hiyo ya mfumo hatuitumii kufungua mafaili ya wateja, ni ya Debian yenyewe.

"Kwa hiyo tuko salama?"

"Kwa hizi zilizoorodheshwa, ndiyo. Ya leo ni nyingine."

Mimi naupenda mtindo huu wa Debian, hata kama kila ukaguzi unanilazimu kuueleza upya. Seva inapata dawa bila kubadilishiwa tabia. Kinachonikera ni wanaouza programu za ukaguzi zisizojua kusoma mkia, halafu bei yake ni ya dola.

Saa 4:30 asubuhi

Dogo, kijana tuliyempokea mwaka huu kutoka chuo, kavuta kiti.

"Dada, si tufute tu hiyo ya mfumo tuweke 3.12.11, tubaki na moja?"

Kila anayeanza anauliza hivyo. Nikamwonyesha vitu vinavyoegemea /usr/bin/python3 ndani ya mfumo wenyewe. Ukiibadilisha, siku utakayohitaji kurekebisha seva ndiyo siku utakayokuta vifaa vya kurekebishia vimekufa. Debian 12 hata pip, kisakinishi cha maktaba za Python, inakugomea ukijaribu kusakinisha maktaba kwenye Python ya mfumo, inakuambia mazingira haya yana mwenyewe. Kwa hiyo ya kwetu tunaijenga kando, kila toleo na folda yake: /opt/python-3.12.10 ipo, leo tunaongeza /opt/python-3.12.11 pembeni yake.

Tukapakua msimbo chanzo, tukahakiki sahihi ya Thomas Wouters, msimamizi wa matoleo ya 3.12 na 3.13, kisha configure, amri ya kuandaa ujenzi, yenye --enable-optimizations. Hapo Python inajijenga, inajiendesha kwenye majaribio ili ijue sehemu zake zinazotumika zaidi, halafu inajijenga tena kwa kufuata ilichojifunza. Ni muda wa kutosha kujibu barua pepe zote za asubuhi.

Mwisho wa ujenzi soma mistari ya chini, tafadhali. Ukikosa libffi-dev kwenye seva, ujenzi unamalizika salama kabisa, unachapa tu kwamba moduli ya _ctypes haikupatikana. Ukikosa liblzma-dev, ni _lzma. Kosa unakuja kuliona siku tawi litakapotuma faili lililobanwa kwa xz. Dogo akasoma kwa sauti. Yetu ilikuwa kamili.

Kisha make altinstall, isiyoweka jina tupu la python3, inaweka python3.12 tu.

Saa 7:00 mchana

Wali, maharage, mchicha, kwa mama ntilie wa nyuma ya jengo. Dogo anataka kujua kwa nini tusisubiri 3.14, ambako kichujio cha data kitakuwa kinafanya kazi bila kuombwa. Kwa sababu iko beta, bado ya majaribio, na maduka yanafunga leo usiku.

Saa 8:15 mchana

Upande wa matawi ni habari nyingine. Kule kuna Windows na 3.12.10, na 3.12.11 haina kisakinishi cha Windows. Haikusahaulika. Toleo la Python likimaliza kipindi cha kurekebishwa hitilafu za kawaida, linaingia kipindi cha usalama tu, na humo linatolewa kama msimbo chanzo peke yake. Kwa 3.12 kisakinishi cha mwisho kilikuwa cha 3.12.10, Aprili 2025. Marekebisho ya usalama yataendelea hadi Oktoba 2028, ila ujenge mwenyewe. Kujenga Python ya Windows kwa ajili ya maduka ya dawa sitaki hata kuota.

Basi ni kuhamia 3.13. Lakini kwanza, kuna haraka gani? Kompyuta za matawi zinatengeneza mafaili ya tar, hazifungui ya watu wengine. Mwanya huu uko upande wa anayefungua. Kwa hiyo Windows inahama kwa utaratibu, na ninaandika hivyo wazi ili mtu asije akaniamsha usiku kwa hofu.

Utaratibu huo umetufaa. 3.13.4 ilikuwa na kisakinishi na ilikuwa na rekebisho, ila ilikuja na matatizo yake: kwenye Windows moduli za C zilishindwa kujengwa, na random.getrandbits ikakataa namba za NumPy, maktaba ya hesabu, ilizokuwa ikizipokea zamani. Sisi tuna moduli yetu ndogo ya C inayoongea na printa za risiti, tungekwama mlangoni. Baada ya siku nane, Juni 11, ikatoka 3.13.5 kufuta hayo. Namba ya tatu ndiyo hiyo: 4 na 5 zinatazamana kama mapacha, moja inajenga printa yetu na nyingine haijengi.

Kuhama kutoka 3.12 kwenda 3.13 nako kuna ushuru wake. Moduli 19 za zamani zimeondolewa kwenye maktaba ya msingi, zikiwemo cgi, telnetlib na imghdr. Programu ya tawi inatumia imghdr kuhakikisha picha ya risiti ni picha kweli. Onyo la kuondolewa kwake lilikuwa likichapwa tangu 3.11, na tuna tiketi yake. Maktaba ya Pillow tunayo tayari kwa kupunguza ukubwa wa picha, itachukua na kazi hii. Tena mazingira ya maktaba kwenye kila kompyuta lazima yaundwe upya, kwani ya sasa yanaelekeza kwenye folda ya Python312, na maktaba zenye vipande vya C zilizopakuliwa kwa 3.12 hazivai 3.13.

Dogo amepewa imghdr. Ameandika kwenye ubao kwa herufi kubwa, sijui kwa nini.

Saa 10:00 jioni

Majaribio. Kwanza yale ya Python yenyewe, python3.12 -m test test_tarfile. Safi. Kisha yetu: tunachukua mafaili yote ya matawi ya wiki iliyopita, tunayafungua kwa 3.12.10 na kwa 3.12.11, tunalinganisha jumla za kila duka mpaka senti. Hakuna tofauti hata moja. Toleo la namba ya tatu lisipoonekana, limefanya kazi yake. Bosi huwa anashindwa kuelewa kwa nini nafurahia skrini isiyo na kitu.

Saa 4:00 usiku

Nyumbani, mezani, feni inazunguka. Maduka mengi yamefunga. Mafaili yanaanza kuingia saa 5 usiku, ambayo kwa seva ni 20:00 kwa sababu yenyewe inaishi kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Nina saa nzima. Mazingira mapya yalishaundwa mchana, kwa hiyo kilichobaki ni kugeuza kiungo kimoja kitoke folda ya zamani kwenda mpya, kisha kuwasha huduma upya.

Kuwasha upya ndiko watu wanakosahau. Faili kwenye diski likibadilika, mchakato ulioanza asubuhi unaendelea na Python iliyopakiwa asubuhi, tundu likiwa wazi vile vile. Kwa hiyo napita kwenye /proc, folda ambamo Linux inaonyesha michakato inayoendelea, kuangalia kila mchakato unaendeshwa na nini. Wote 3.12.11, isipokuwa mmoja wa ripoti za mwezi, uliokuwa bado na 3.12.10. Huo haumo kwenye orodha ya huduma, mtu aliuwasha kwa mkono. Nikauzima, nikauwasha kwa njia yake.

Saa 5:20 usiku

Mafaili yanaingia. Tawi la kwanza, la pili, yanafunguka, jumla zinatoka. Kile kizuizi cha viungo nimekiacha hapo hapo. Hakuna duka la dawa lenye sababu ya kunitumia kiungo, kichujio kiwe kizima au kibovu.

Nikaandika kwenye kundi la kazi: "3.12.11 iko hewani. Folda ya 3.12.10 isiguswe hadi Ijumaa."

Dogo bado yuko macho. "Poa dada. Kesho saa 2 tuanze imghdr?"

"Saa 4."