Siku moja gerejini: klachi ya kukimbilia mita 402

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua gereji, Industrial Area, Nairobi. Subaru Impreza WRX ya buluu imeshafika getini kabla yangu, na mwenyewe amelaza kiti anasinzia. Kwenye kiti cha abiria kuna katoni mbili. Najua kilichomo kabla hajazifungua: diski ya klachi ya vibao sita isiyo na springi katikati, na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi inalibana) ya alumini ya kilo 4.

"Mzee, leo tunaweka hizi," ananiambia. "Jumapili nakimbia."

Namwambia tunywe chai kwanza.

Saa 1:15. Chai, mandazi, na kipande cha katoni cha kupigia hesabu. Gari lake limeongezwa nguvu, injini inatoa nguvu ya kuzungusha ya kama nyutoni-mita 420, na klachi ya kiwandani imeanza kuteleza gia ya tatu na ya nne.

Hesabu ya klachi ni fupi. Unachukua nguvu ya kubana ya presha pleti (sahani yenye springi inayoikandamiza diski kwenye flaiwili), unazidisha kwa msuguano wa diski, kwa nusu-kipenyo cha wastani cha sehemu inayosugua, halafu mara mbili kwa sababu diski ina nyuso mbili. Diski ya milimita 230 inasugua kwenye nusu-kipenyo cha wastani cha milimita 95 hivi. Presha pleti ikibana kwa nyutoni 7,000, na msuguano wa diski ya kawaida ukiwa 0.3, unapata karibu 400. Ndiyo sababu inateleza.

Ukiweka presha pleti ya kubana nyutoni 9,500 na ukaacha diski ya aina ile ile ya kawaida, unafika 540. Hiyo inamtosha na akiba inabaki.

Sasa diski yake ya vibao sita. Msuguano wake ukiwa 0.45, kwa presha pleti hiyo hiyo, unapita 800. Kijana akatabasamu. Nikamuuliza hizo 800 zitatoka wapi wakati injini inatoa 420. Akanyamaza.

Zinatoka kwenye flaiwili. Ukiwa kwenye mstari wa kuanzia na injini iko mizunguko 6,000 kwa dakika, flaiwili imebeba nishati mara nne ya ile inayobeba kwenye 3,000. Ukiachia pedali ghafla, nishati yote hiyo inataka kutoka kwa mkupuo, na kinachopita kwenda kwenye giaboksi hakizidi kile klachi inachoweza kushika. Klachi ya 540 itateleza kidogo na kukata kilele. Klachi ya 800 itapitisha kila kitu. Gari la kuvuta nyuma peke yake lina nafuu, tairi zinazunguka na kuokoa vyuma. WRX inavuta kwa magurudumu manne, tairi zinashika lami, kwa hiyo mzigo unaishia kwenye meno ya giaboksi ya gia tano, na giaboksi hiyo haina sifa ya uvumilivu. Katika gari kama hili klachi ndiyo fyuzi, na fyuzi huchaguliwa kwa kutazama waya unaoulinda.

Saa 2:30. Gari juu. Subaru za turbo za kizazi hiki klachi yake ni ya kuvutwa badala ya kusukumwa, kwa hiyo beringi inayoiachia klachi imejifunga kwenye vidole vya presha pleti. Anayeanza kuvuta giaboksi bila kujua hilo atahangaika mpaka jioni. Unafungua kizibo ubavuni mwa giaboksi kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10, unaingiza bolti ya milimita 6 kwenye shafti ya uma (mkono unaoisogeza beringi), unaivuta shafti itoke. Hapo uma unalegea na giaboksi inakuja bila ugomvi.

Saa 4:40. Imeshuka. Diski imevaa ikang'aa kama kioo. Flaiwili ya kiwandani ina madoa ya buluu ya joto, ila sioni ufa. Sili ya krenki inatoa jasho la mafuta, nayo inabadilishwa leo hii, maana hakuna mtu atakayetaka kushusha giaboksi tena kwa ajili ya kipande cha mpira.

Rafiki yake aliyekuja kutazama anatoa wazo: hii ya kiwandani ipelekwe ikakerezwe mgongoni ipungue uzito, tuokoe pesa. Hapo nilipandisha sauti. Chuma cha kumwaga kinavumilia kubanwa, hakivumilii kuvutwa, na kwenye mizunguko 7,000 flaiwili yote inajivuta kwenda nje. Ikipasuka, vipande vinapita kwenye sakafu palipo miguu ya dereva. Huko Marekani, NHRA, chama cha mbio hizi, wanamtaka mwenye gari la klachi linalokimbia robo maili (ndiyo hizo mita 402) kwa sekunde 11.49 au pungufu awe na ngao ya chuma kuzunguka flaiwili. Hawakuamka tu wakaipenda.

Saa 5:30. Kirinyaga Road. Nanunua sili, presha pleti na diski ya kawaida, na naikagua diski mbele ya muuzaji: riveti ziko sawa, springi hazichezi, boksi na kipande vina namba moja. Diski bandia ni nyingi mjini na bei yake ni tamu. Flaiwili naiacha kwa fundi wa kusaga, ila namsisitiza atumie jiwe. Yale madoa ya buluu ni magumu kuliko sehemu nyingine, kisu cha kerezo kinaruka juu yake na kuacha vilima.

Saa 8:00 mchana. Simu kutoka Mombasa, mwenye Toyota Mark II ya injini ya 1JZ. Yeye anavuta nyuma na anakimbilia usawa wa bahari. Yake nilimkubalia flaiwili nyepesi dakika hiyo hiyo.

Huku kwetu, mita 1,700 juu, hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita, na turbo inachelewa kujaza. Flaiwili ya kilo 4 itapanda mizunguko haraka na kufurahisha masikio, lakini ukiachia klachi injini inazama kabla turbo haijaamka. Ile ya kiwandani, ya zaidi ya kilo 8, inakusukuma mita za mwanzo. Hasara yake ni kwamba mizunguko inashuka polepole unapobadilisha gia. Kwa gari hili naikubali hasara hiyo.

Saa 9:30. Flaiwili imerudi. Nafuta grisi yote, bolti nane kwa kupishanisha, nyutoni-mita 72. Presha pleti ni 16 tu, kidogo kidogo kwa mzunguko ili isipinde.

Saa 12:15 jioni. Gari liko chini, pedali ni nzito kidogo kuliko ya mwanzo, inashika katikati. Namwambia kilomita 800 za foleni kwanza, bila kuondoka kwa kishindo.

"Kwa hiyo Jumapili?"

"Jumapili utatazama wenzako."

Analipa nusu kwa M-Pesa, anazirudisha katoni zake kwenye kiti. Kisha anauliza giaboksi ya gia sita ya STI (Impreza kali kuliko WRX) inapatikana kwa shilingi ngapi. Namjibu kwamba kabla ya bei ajue inakuja na difu yake ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwenye magurudumu ya nyuma), maana uwiano wa gia za mbele na nyuma lazima ulingane. Kesho asubuhi atarudi kuuliza bei ya difu.