Siku moja maishani mwangu dirishani kwa dawa

Saa 2 asubuhi nshafungua dirisha na foleni ishajipanga. Wa kwanza ni mama wa dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, anasema anameza kila siku lakini vipimo bado vibaya. Nikamuuliza, mama, unaimeza na nini? Kumbe na chai ya maziwa, tena pamoja na kidonge cha kuongeza damu, yaani madini ya chuma na kalsiamu vinaikamata dawa humohumo tumboni, nyingi inatoka bila kufika kwenye damu. Nikamwambia aimeze na maji matupu kabla hajala, asubiri nusu saa mpaka lisaa ndo anywe chai, na cha damu akisogeze mbele masaa manne. Dozi yake wala haina shida jamani.

Saa 4 kaja kijana wa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, anataka ameze na maziwa, nikamkatalia kwa sababu ileile. Nyuma yake mgonjwa wa malaria kapewa mseto, huyo sasa nataka ale chakula chenye mafuta, maana lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizo ndani ya mseto, bila mafuta inaingia kidogo sana. Ndo maana siachi kuuliza mtu anakula nini hata foleni ikinung'unika.

Saa 7 nakula chapchap narudi.

Saa 8 mzee wa simvastatini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, misuli inamuuma, na anapenda juisi ya balungi. Anasema, lakini mwanangu juisi nakunywa asubuhi, dawa usiku! Nikamweleza kwamba balungi linaua vimeng'enya vya kwenye ukuta wa utumbo vinavyopunguza ile dawa, na mwili unachukua siku nzima au zaidi kutengeneza vingine, kwahiyo dawa inaingia nyingi kupita kiasi. Juisi aache, na leo hiihii amuone daktari kuhusu hayo maumivu.

Saa 10 ndo iliyoniumiza. Dada kameza kodeini kidogo tu ya maumivu, anasinzia hata kuongea shida. Kuna watu jeni zao zinafanya ini ligeuze kodeini kuwa mofini, dawa kali zaidi ya maumivu inayolewesha usingizi, haraka mno, na wengine karibu haigeuki, wanabaki na maumivu wanaambiwa wanadeka! Nikamkimbiza kwa daktari mwenyewe, wakamshughulikia, na kabla sijatoka nikahakikisha kwenye faili lake imeandikwa kwa herufi kubwa asipewe tena kodeini.